Kuoga sento Japani ukiwa peke yako: mwongozo kwa mtu wa Unguja na Pemba

Sento ni bafu la mtaa la Kijapani. Ni nyumba ya kulipia, upande mmoja wanaume na upande wa pili wanawake. Ndani mna safu za mabomba ya kuogea na hodhi moja au zaidi la maji moto, ambamo watu huingia pamoja wakiwa uchi kabisa. Mwaka 1968 Japani nzima ilikuwa na sento karibu 18,000. Leo hazifiki 2,000, maana karibu kila nyumba imepata bafu lake. Zilizobaki zinapendwa, na Mzanzibari aliyekwenda kusoma, kufanya mafunzo ya kazi au kutafuta magari ataambiwa siku moja ya baridi kali aende sento akapashe mifupa.

Mgeni kuku mweupe, wazee wamesema, na hapana pahala ukweli huo unapohisika kama mlangoni mwa bafu la watu usiowajua, lugha huijui, na hujui uvulie wapi. Lakini anayelikumbuka birika la msikiti wa zamani ameshaielewa nusu ya sento. Maji ya birika ni ya watu wote. Hutumbukizi mguu wenye tope. Unachota kwa kata na kujimwagia nje. Hodhi la Kijapani lina adabu hiyo hiyo, ila mwishoni unaingia mwenyewe. Jasho, mafuta, sabuni na nywele vyote vinaishia nje, na ndani ya hodhi mtu hupasha mwili moto tu. Karibu kila kosa la mgeni linatokana na kulisahau hilo.

Stara kabla ya tiketi

Jambo hili liamuliwe nyumbani, si mlangoni. Hodhini hapavaliwi nguo: si bukta, si chupi, si kikoi, si kanga, si vazi la kuogelea la stara. Sababu yao ni ile ile ya birika, kwamba nguo huingiza uchafu na sabuni iliyobaki kwenye nyuzi. Na kila mtoto aliyepita chuoni anajua kwamba baina ya kitovu na magoti ni uchi usiooneshwa watu. Haya mawili hayapatanishwi kwa ujanja. Anayejaribu kuingia na bukta huzuiwa mbele ya watu, akavunjikiwa mara mbili: hakuoga na amefedheheka.

Anayeshikilia stara yake ana njia nyingine, na wala si za kubahatisha. Ya kwanza ni bafu la kukodi peke yako, wanaloliita kashikiri, au kazoku-buro yaani bafu la familia. Ni chumba chenye hodhi na mlango unaofungwa kwa ndani, hukodishwa kwa muda, mara nyingi dakika 45 hadi 60. Mji wa Beppu, kwenye kisiwa cha Kyushu, una mengi ya namna hii, na nyumba nyingi za wageni zenye chemchemi za moto zinalo moja au mawili. Unauliza: "Kashikiri buro wa arimasu ka?" Ya pili ni bustani za maji moto zenye sehemu ya kuvaa nguo za kuogelea, kama Yunessun iliyoko Hakone. Ya tatu ni ashiyu, hodhi la miguu. Utaliona barabarani na kwenye vituo vya treni katika miji ya chemchemi, aghalabu bila malipo. Unakunja suruali hadi magotini, unakaa kwenye ubao, unatia miguu. Hata anayekusudia kuingia sento anafaa kuanza na ashiyu, kwa sababu joto la maji ya Japani linahitaji kuzoewa, na mguu hufundisha mwili.

Anayechagua kashikiri asome bado yaliyobaki hapa chini. Kanuni ya kuoga kwanza ndipo uingie inashikwa hata ukiwa peke yako, kwa kuwa maji hayo hayabadilishwi kila anapotoka mtu.

Wenye kulifikiria hodhi la umma wajue na hili: kwenye sento za zamani mhudumu hukaa juu ya kiti kirefu kiitwacho bandai, katikati ya milango miwili, na kutoka pale anaviona vyumba vya kuvulia vya pande zote mbili. Mara nyingi ni bibi wa makamo au mzee wa kiume. Sento mpya zina meza ya mapokezi ya kawaida nje, nao huiita furonto. Mwenye haya aulizie yenye furonto. Hata hivyo upande wa wanaume, mwanamke wa usafi huingia na ufagio wake bila ya kupiga hodi, na hakuna anayeshtuka.

Piko, hina na michoro

Wengi hawaambiwi hili mpaka wamefika mlangoni. Mabafu mengi ya chemchemi na yale makubwa ya kisasa hukataa watu wenye michoro ya mwilini, kwa sababu Japani michoro ya kudumu imehusishwa muda mrefu na magenge ya wahalifu. Mlinzi wa mlango hatofautishi mchoro wa sindano na piko iliyopakwa harusini Jumamosi iliyopita. Piko ni nyeusi, ina maua na mistari, inapanda mpaka kwenye kiwiko. Kwa macho yake ni mchoro tu. Hina nyekundu nayo huleta maswali, ingawa kidogo.

Sento za mtaani ndizo zenye uvumilivu zaidi, na nyingi humkubali kila mtu. Ukiwa na piko, subiri ififie, kwa kawaida wiki mbili au tatu. Kama ni pahali padogo, kiasi cha kiganja, baadhi ya mabafu hukubali ukiziba kwa plasta ya rangi ya ngozi inayouzwa maduka ya dawa. Usipake ukijua utasafiri wiki ijayo na bafu limo kwenye ratiba.

Siku, saa na pesa

Bei ya sento huwekwa na serikali ya mkoa, si mwenye bafu. Tokyo ilipandishwa Agosti 2024 ikawa yeni 550 kwa mtu mzima. Sauna, ikiwapo, hulipiwa zaidi, na utapewa taula au ufunguo wa alama yake. Mabafu makubwa yenye mikahawa na vyumba vya kupumzikia yana bei zao wenyewe, juu zaidi. Kwenye chemchemi huongezwa kodi ndogo ya kuoga, aghalabu yeni 150. Chukua pesa taslimu, na uwe na sarafu za yeni 100 na za yeni 10, kwa kuwa sento nyingi za zamani hazipokei kadi na mashine ya kukausha nywele hula sarafu.

Sento nyingi hufunguliwa saa 9 au 9 na nusu alasiri na kufungwa saa 5 au 6 za usiku, na siku moja ya wiki haifunguliwi kabisa. Kwenye mabango saa huandikwa kwa hesabu ya 24, kwa hiyo 15:30 ni saa 9 na nusu alasiri. Ukiona 25:00 usidhani wamekosea: ni saa 7 za usiku.

Mlango unapofunguliwa tu, wazee wa mtaa wameshapanga foleni, maana maji ya mwanzo ndiyo safi na ndiyo makali. Kuanzia saa 12 magharibi hadi saa 2 usiku huja wafanyakazi na familia. Mgeni mwenye wasiwasi atapata nafasi zaidi baina ya makundi hayo mawili, siku ya kazi, kama saa 10 na nusu hivi. Hapo lakini angalia swala. Sisi kwetu Magharibi haiendi mbali mwaka mzima, lakini Disemba jua la Tokyo huzama saa 10 na nusu ya jioni, na Isha imeingia kabla ya saa 12. Ukenda bila kuangalia ratiba utatoka majini Magharibi imeshakupita. Wakati wa baridi ama nenda mapema uwe umetoka kabla ya jua kuzama, au uende baada ya Isha.

Ukiwa umefunga, usiende mchana. Maji ya nyuzi 42 hukutoa jasho bila wewe kulihisi, na kiu yake haina dawa mpaka futari. Usiende tumbo likiwa limejaa pia. Mwenye presha, ugonjwa wa moyo, kifafa, au mjamzito aulize daktari wake kwanza. Mwanamke aliye hedhini haingii hodhini.

Vya kuchukua

Mkoba usiopitisha maji, na ndani yake: taula ndogo nyembamba ya kiasi cha sentimita 34 kwa 80, taula kubwa ya kukaushia, sabuni, shampuu, kitana, na chupi safi. Dodoki la kwetu linafaa na wala halitawashangaza, maana na wao wana lao. Baadhi ya sento huweka sabuni na shampuu bure, nyingine haziweki, usitegemee. Ukiwa mikono mitupu, ulizia "tebura setto", kifurushi cha taula na sabuni cha kukodi.

Kikoi au kanga vichukuliwe kwa ajili ya chumba cha nguo. Haviingii bafuni, lakini unaweza kujifunga wakati wa kuvua na kuvaa, na hakuna atakayekukataza.

Singo, liwa na dalia ziache nyumbani. Unga wake huziba tundu za maji na harufu yake hubaki hodhini. Mafuta ya nazi usijipake siku hiyo kabla ya kuoga, yamekusudiwa baadaye. Nywele zilizosukwa zifungwe juu zote, hata ncha isiguse maji. Mpira wa nywele uwe nao mkononi, si ndani ya mkoba ulioachwa kabatini. Rangi ya nywele hairuhusiwi kupakwa bafuni.

Pete na mikufu vua vyote. Sento ya maji ya kawaida haidhuru kitu, lakini kwenye chemchemi zenye salfa, kama Kusatsu, pete ya fedha hugeuka nyeusi kwa dakika chache tu, kwa kuwa salfa huishika fedha na kutengeneza utando mweusi. Dhahabu safi husalimika, ila ile iliyochanganywa madini mengine nayo hupoteza rangi.

Kutoka mlangoni hadi kabatini

Juu ya mlango utaona pazia fupi la kitambaa liitwalo noren, na mara nyingi limeandikwa ゆ, inayosomeka "yu", yaani maji moto. Hapo ni bafu. Ingia, kisha vua viatu kabla ya kupanda sakafu iliyoinuka. Viatu, na hata ndara, havikanyagi pale juu. Utaona vikabati vidogo vya viatu. Tia viatu, sukuma, chomoa ufunguo ambao mara nyingi ni kibao bapa cha mti. Utunze: kwenye sento nyingine mhudumu hukichukua hicho na kukupa ufunguo wa kabati la nguo.

Milango mingi huko ni ya kuburura pembeni. Mgeni husukuma, ikagoma, akadhani pamefungwa, akarudi zake. Tia vidole kwenye kishimo na uvute kando.

Mbele ya mhudumu inamisha kichwa kidogo useme "Konbanwa", kama ni usiku, au "Konnichiwa" kama ni mchana. Kisha "Otona hitori", mtu mzima mmoja. Pengine kuna mashine ya tiketi. Bonyeza kitufe chenye bei iliyotangazwa ya mtu mzima na umpe tiketi. Ukiongeza "Hajimete desu", yaani ni mara yangu ya kwanza, mara nyingi utaoneshwa kila kitu kwa ishara za mikono, kwa upole kabisa. Kijapani kina irabu zile zile tano tulizonazo, a, e, i, o, u, na husomwa kama Kiswahili; kwa hivyo sema kama ulivyosoma utaeleweka, ila "desu" uitamke karibu "des".

Sasa angalia mapazia mawili. La wanaume limeandikwa 男: juu yake kuna mraba uliogawika vinne, mfano wa dirisha. La wanawake limeandikwa 女: halina mraba, ni mistari mitatu tu iliyopishana. Aghalabu la wanaume huwa buluu na la wanawake jekundu, lakini usitegemee rangi. Kwenye nyumba za wageni hubadilisha pande baina ya usiku na asubuhi ili kila mtu afaidi mahodhi yote. Uliyeingia kulia jana, leo soma tena.

Ndani ya chumba cha nguo simu haitolewi hata kuangalia saa. Wanaogopa kamera, na haki yao. Izime, itie kabatini. Chagua kabati, vua zote, tia taula kubwa humo humo, funga. Ufunguo una mpira: uvae mkononi au kwenye kifundo cha mguu. Unaingia bafuni na vya kuogea tu: taula ndogo, sabuni, shampuu, na dodoki ukiwa nalo. Ile taula ndogo ishike mbele yako ukitembea. Wajapani wenyewe hufanya hivyo, wanaume kwa wanawake, kwa hiyo haya yako haina ugeni wowote pale.

Kwenye kigoda

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na dakika kumi za hapa usizikate.

Ukishapita mlango wa kioo, ufunge nyuma yako ili joto lisitoke. Karibu na mlango mna vigoda vya plastiki na mabeseni. Chukua kimoja na kimoja. Beseni huenda likawa la manjano, limeandikwa Kerorin kwa herufi nyekundu. Hiyo ni dawa ya maumivu, na mabeseni hayo yamekuwa tangazo lake tangu 1963. Ya upande wa Tokyo ni makubwa kidogo kuliko ya Osaka na Kyoto, kwa sababu kule Osaka watu hupenda kuchota maji hodhini na kujimwagia, na beseni kubwa likijaa huuchosha mkono.

Tafuta bomba lisilo na mtu. Likiwa na beseni na chupa ya shampuu mbele yake, lina mwenyewe aliyekwenda hodhini. Kwa mara ya kwanza kaa pembeni, ukutani, uwe na jirani mmoja tu badala ya wawili. Suuza kigoda, kiweke, ukae. Kuoga ni kwa kukaa. Anayeoga wima humrushia povu jirani wa kushoto, wa kulia na wa nyuma, na hilo ndilo kosa linalowaudhi kuliko mengine yote nje ya hodhi.

Mbele yako kuna vibonyezo viwili: chekundu ni maji moto, buluu ni baridi. Vinabonyezwa kwenda chini, maji hutoka kwa sekunde chache yakakatika yenyewe. Halijaharibika, bonyeza tena. Anza na baridi beseni lifike nusu, ndipo uongeze moto, kwa kuwa yale ya moto peke yake yanaweza kukubabua. Jaribu kwa mkono kabla ya kujimwagia. Dushi juu yake nayo hujikata.

Halafu oga kama unavyooga nyumbani, lakini kwa ukamilifu: kichwa, masikio, shingo, makwapa, sehemu za siri, baina ya vidole vya miguu, nyayo. Taula ndogo au dodoki ndilo la kusugulia. Mwenye mafuta mwilini asugue mara mbili, kwa sababu mafuta ya nazi hayatoki kwa suuzo moja; ukiingia nayo, yataelea juu ya maji kama vijicho vya mchuzi, na kila mtu atayaona yametoka kwako. Kunyoa ndevu kunafaa hapo kwenye kigoda, hodhini kamwe. Nguo hazifuliwi, hata soksi.

Suuza mpaka ngozi ilie chini ya kidole. Pitisha mkono nyuma ya masikio na mgongoni, ndiko povu linakojificha. Kisha suuza taula mpaka maji yake yawe meupe, uikamue. Mwagia pahala pako maji, kigoda uache safi. Ukipatumia tena baadaye hakuna neno, lakini wakati wa watu wengi usiache vitu vyako kuwekea nafasi. Ukishamaliza yote, hodhi na kigoda, rudisha kigoda na beseni ulikovitoa.

Ndani ya hodhi

Angalia kwanza ukutani: mara nyingi kuna kipimo cha joto. Sento za Tokyo hupenda nyuzi 42 hadi 43, na baadhi ya wazee hawaridhiki mpaka ifike 44. Penye mahodhi mawili au matatu, anza na la joto la chini. Hodhi lenye maji baridi, nyuzi 15 hadi 18 hivi, ni la waliotoka sauna; usilivamie kwa kudhani ni la kawaida. Na penye herufi 電気 jitenge: ni hodhi la umeme mdogo unaochoma misuli kama ganzi. Wajapani wengine hulipenda kwa mgongo, lakini mwenye kifaa cha moyo au ugonjwa wa moyo haliingii, na mgeni wa siku ya kwanza halimfai.

Chota beseni, jimwagie kuanzia miguuni, kisha magotini, kiunoni, mabegani. Mabeseni matano au sita. Hii si usafi tena. Ni kuuambia mwili kinachokuja. Ingia kwa mguu mmoja, polepole, bila kurusha maji. Mchomo wa mwanzo ni mkali kisha hupoa wenyewe ukitulia, kwa sababu tabaka la maji lililogusana na ngozi yako hupungua joto. Ukijitikisa unalifukuza tabaka hilo na kuleta maji mapya yenye moto, kwako na kwa jirani. Ndiyo maana utawaona wote wamekaa kimya kama waliomo darsani.

Taula haiingii majini. Ikunje uiweke kichwani, au kwenye ukingo. Uso na nywele havizamishwi. Hapaogelewi, hapasuguliwi ngozi. Kaa mbali na mahala maji moto yanapoingilia. Ukishindwa kabisa na moto, usifungue bomba la baridi bila ya kuuliza, maana kwa wengine joto hilo ndilo walilolifuata. Sema "Mizu irete mo ii desu ka?", naomba kutia maji baridi. Aliyemo akikunja uso, nenda hodhi jingine.

Dakika tatu hadi tano zinatosha mara ya kwanza. Toka, kaa kwenye ukingo au kigodani dakika tano, rudi tena. Mara mbili au tatu, basi. Anayekaa dakika 15 mfululizo ili aonekane hodari ndiye anayeanguka, na huanguka anaposimama: mishipa imetanuka kwa joto, damu imeshuka miguuni, kichwa kinakosa. Inuka kwa hatua. Kwanza kaa kwenye ukingo, uvute pumzi kumi, ndipo usimame ukishika kitu. Ukiona kizunguzungu kaa chini papo hapo, usijikaze kufika mlangoni. Jimwagie maji ya baridi miguuni.

Ukipumzika, tazama ukuta. Upande wa Tokyo hodhi limeegemea ukuta wa mwisho, na juu yake pengine pamechorwa mlima Fuji. Mchoro wa mwanzo wa namna hiyo ulitiwa mwaka 1912 kwenye bafu la Kikai-yu, mtaa wa Kanda. Upande wa Osaka hodhi mara nyingi huwa katikati, watu wakikaa kulizunguka. Tarehe 5 Mei hutiwa majani marefu ya mmea uitwao shobu, na siku fupi kuliko zote, Disemba 21 au 22, hutiwa matunda ya yuzu, jamaa ya ndimu. Mtu aliyezoea asumini na mrehani kwenye maji atajihisi nyumbani kwa harufu hiyo.

Mambo yanayokwenda kombo

Mzee akikusemesha kwa sauti na kukuonesha kitu, kwa kawaida umebakiwa na povu au taula yako imegusa maji. Sema "Sumimasen", yaani samahani, rekebisha, kaa zako. Hakukutukana, angemwambia hivyo hivyo kijana wa mtaani kwake. Watu kukutazama mara ya kwanza kutatokea, wakishakuona umekaa kigodani na kusugua vizuri macho huondoka. Wewe nawe ukitaka kuiga, tazama mikono yao na mpangilio wa vitendo, usikazie mwili wa mtu.

Ukipoteza ufunguo mle ndani, angalia kwanza chini ya kigoda ulichokalia, maana mpira ukiwa na sabuni huteleza. Usipouona, jifunge taula umwite mhudumu kutoka mlangoni.

Kutoka

Kabla ya mlango wa chumba cha nguo, kamua taula ndogo ujifute mwili wote nayo, mpaka usidondoshe tone. Sakafu ya mbao kule nje ni ya watu waliokwisha kuvaa soksi. Kwenye chemchemi ya madini, wengi hawajisuuzi mwishoni ili madini yabaki mwilini. Kwenye maji makali yenye tindikali, kama ya Kusatsu, mwenye ngozi laini ajisuuze.

Kabatini chukua kikoi au kanga, jifunge, kaa ukauke. Usivae haraka, jasho litaendelea kutoka kwa dakika kumi, na nguo zilizoloa jasho ndizo zitakazokutia baridi njiani. Sasa ndio wakati wa mafuta ya nazi, ngozi ingali ina joto inayanywa vizuri. Mashine ya nywele mara nyingi hula yeni 20 kwa dakika mbili tatu. Kunywa maji, glasi mbili. Karibu na mapokezi mara nyingi kuna friji yenye maziwa ya chupa, ya kawaida na ya kahawa, mililita 180. Ndicho kinywaji cha sento. Chupa ya kioo huachwa kwenye kreti iliyo kando ya friji.

Ukipita kwa waliobaki, wainamishie kichwa useme "Osaki ni", natangulia. Rudisha ufunguo wa nguo, upokee kibao chako cha viatu, na ukaze mlango vizuri nyuma yako, upepo usiingie.